Afungaye, Afunguaye: Kazi ya Mama na Majina Yake

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari, kila nilipofika mada ya unyambulishaji wa vitenzi niliwapa wanafunzi mzizi mmoja, -fung-, nikawaacha wahangaike nao. Walianza na funga, fungia, fungisha, fungwa, fungana, fungamana, fungika. Kisha wakapindukia upande wa pili: fungua, fungulia, funguka. Nilipodai nomino, wakaleta kifungo, ufunguo, mfungwa, kifungu. Mwaka mmoja msichana wa Kidato cha Tatu aliyelelewa na bibi yake alinyoosha mkono kutoka nyuma ya darasa akasema, "Mwalimu, umesahau kifungua mimba." Darasa likacheka. Wengi wao walidhani amesema neno la aibu.

Hakuwa amesema la aibu. Kifungua mimba ni mtoto wa kwanza, yule aliyelifungua tumbo la mama yake, kama kitinda mimba alivyo wa mwisho, aliyelikata. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi tangu nistaafu mwaka 2019, na nimefikia rai ambayo leo naomba kuiweka mbele ya wasomaji wapenzi wa lugha yetu. Rai yenyewe ni hii: ukitaka kujua maisha ya mama katika nyumba ya Kiswahili, tangu anapofunga mizigo ya likizo hadi anapomwoza binti yake, fuata vitenzi vyake. Utaona kazi ambayo macho hayaioni, na utaona pia namna lugha ilivyojaribu kuitunzia kumbukumbu.

Tuanze na jambo la sarufi. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo hugeuza tendo likarudi lilikotoka. Funga huwa fungua. Kunja huwa kunjua. Panga huwa pangua. Anika huwa anua. Tandika huwa tandua. Pakia huwa pakua. Sasa yatazame maneno hayo kwa utulivu, ujiulize ni ya nani. Nani hukunja nguo na kuzikunjua? Nani huanika asubuhi na kuanua wingu linapotanda? Nani hutandika kitanda, akatandika mkeka, akatandika meza, na kabla jua halijazama akavitandua vyote? Mwashi akijenga ukuta, ukuta husimama miaka 40 na mtu hupita akasema, "Huu aliujenga fulani." Mama akitandika, usiku hutandua. Akipika, hupakua, na kilichopakuliwa huliwa. Siku yake nzima imo ndani ya kauli ya kutendua, na kazi inayotenduliwa kila jioni haiachi ukuta wa kuonyesha. Ndiyo maana mtu mzima mwenye akili zake timamu huweza kuuliza, "Umeshinda hapa, umefanya nini?" Naye anauliza akiwa amevaa shati lililofuliwa, likaanikwa, likaanuliwa, likapigwa pasi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuandaa azimio la kazi la muhula na andalio la kila somo. Andalio lilikuwa na malengo, zana, hatua na tathmini, na mkufunzi alilikagua kwa kalamu nyekundu. Nilipoolewa mwaka 1982 na kuhamia Morogoro niligundua kwamba mama yangu mzazi, ambaye hakupita darasa la nne, aliandaa maazimio makubwa kuliko yangu na hakuyaandika popote. Safari ndiyo iliyonifungua macho.

Kwetu ni Pangani. Kila shule zilipofungwa mwezi wa Desemba tulifunga safari kwenda kuwaona wazee: Morogoro hadi Chalinze, kuvuka mto Wami, kupita Segera na Muheza hadi Tanga mjini, kisha barabara ya kuelekea Pangani, ambayo wakati huo ilikuwa ya udongo na mvua ilipoinyeshea ilikataa magari. Angalia msemo wenyewe: kufunga safari. Msafiri hasemi ameanza safari tu. Ameifunga kwanza kama mtu afungavyo mzigo. Safari isiyofungwa vizuri humfungukia mtu njiani.

Miaka hiyo ya mwanzo wa 1980 bidhaa zilikuwa adimu mno. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na hata khanga vilipatikana kwa foleni na kwa mgao wa maduka ya kaya. Kwa hiyo mzigo wa Desemba haukuanza kufungwa Desemba. Ulianza Agosti, kwa kuitenga robo kilo ya sukari kila mgao, na kwa kukata mche wa sabuni vipande ili nusu itumike na nusu ilale chini ya sanduku. Sanduku letu lilikuwa la bati, lenye kufuli. Chini kabisa nilipanga vya kuwapelekea wenyeji: mchele wa Kilombero, maharage, sukari, sabuni. Katikati nilipanga nguo za sikukuu, ambazo hazikuwa za kuguswa njiani. Juu nilipanga vya kutumika njiani: khanga za ziada, nepi za vitambaa, dawa ya homa, sindano na uzi, chupa ya maji, na masurufu. Neno masurufu nalo limeanza kutoweka kwa maana yake ya zamani. Zamani lilikuwa chakula na matumizi ya safarini. Siku hizi hulisikia maofisini tu, watumishi wakidai fedha za safari za kikazi. Masurufu yetu yalikuwa mayai ya kuchemsha, maandazi na ndizi za kuchoma zilizofungwa kwa jani la mgomba.

Vyombo vya kufungia navyo vilikuwa na ngazi zake. Sanduku lilikuwa la vitu vya heshima. Kapu lilikuwa la vyakula. Furushi lilikuwa la nguo za kulalia, nalo si chombo. Ni khanga au shuka iliyokutanishwa pembe nne ikafungwa fundo. Tenga lilikuwa la kuku, tukiwa naye. Na pembeni kabisa, katika pindo la khanga aliyojifunga mama kiunoni, kulikuwa na fundo dogo kuliko yote, lenye fedha ya nauli ya dharura. Hilo fundo halikuonekana, halikuhesabiwa miongoni mwa mizigo, wala utingo hakulipandisha kwenye keria ya basi. Lakini ndilo lililoturudisha nyumbani mwaka ule basi lilipoharibika Mkata tukalazimika kulipa gari jingine.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Asubuhi ya safari alibeba mkoba wake mmoja, akasimama mlangoni akauliza, "Tayari?" Neno moja. Nami nilijibu, "Tayari." Neno moja vilevile. Katikati ya maneno hayo mawili kulikuwa na miezi minne ya kutenga, kukata, kuhesabu na kukumbuka. Simlaumu hata kidogo. Alilelewa katika nyumba ambayo mambo huwa tayari, kama mvua inavyonyesha, bila mtu kuonekana akiyatayarisha.

Tulipofika Pangani mama yangu alikaa juu ya mkeka, sanduku likaletwa mbele yake, akasema, "Haya, tufungue." Kufungua mizigo kulikuwa na adabu yake. Alipima mchele kwa kibaba, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. Alitenga mafungu: fungu la jirani wa kulia, fungu la jirani wa kushoto, fungu la mzee wa msikitini, fungu la mjane wa nyumba ya pili ambaye alipelekewa usiku ili asione haya. Sabuni ilikatwa tena. Sukari niliyoikusanya miezi minne iligawanyika kwa saa moja ikabaki ya chai ya kesho. Nikiwa kijana nilisikitika kidogo kuiona ikiyeyuka namna ile. Mama aliniona akasema, "Mwanangu, mzigo ukishafunguliwa si wako tena. Hiyo ndiyo maana ya kuufungua." Tulirudi Morogoro na sanduku lile lile likiwa zito zaidi: nazi, ng'onda, mkeka wa ukindu, achari ya maembe mabichi katika chupa iliyozibwa kwa kitambaa. Nami nikawa na kazi ya kufungua upya, na majirani zangu wa Kiluguru wakipata mafungu yao.

Kutoka safari twende sikukuu, maana mzigo wa Desemba mara nyingi ulikuwa pia mzigo wa sikukuu, na kitenzi chetu hakituachi. Tunafunga mwezi wa Ramadhani, kisha tunafungua. Mwezi unaofuata huitwa Mfunguo Mosi, na wengine hutamka Mfungo Mosi. Kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu ambamo mna Idi Kubwa, na kuendelea hadi Mfunguo Sita ambamo husomwa Maulidi. Mwaka mzima wa Mswahili Mwislamu umehesabiwa kwa kufungua. Na anayeufungua kwa mikono yake ni mama. Jua likikaribia kuzama, yeye ndiye aliyeshinda na saumu yake mbele ya moto, akionja chumvi kwa ncha ya ulimi na kuitema.

Sikukuu yenyewe, nyumba yote huiona kwa siku moja. Mama huiona kwa siku nne. Siku ya kwanza ni ya kuchambua mchele na kutafuta binzari. Siku ya pili ni ya kufua mapazia, kusugua masinia na kumshonea kitinda mimba kifungo kilichokatika katika shati lake jipya. Siku ya tatu ni ya kukaanga visheti, kuumua unga wa vitumbua na kutia bokoboko jikoni ili ngano na nyama vipondeke usiku kucha. Siku ya nne, watu wakitoka kuswali, nyumba inanukia udi na pilau, na kila anayeingia husema, "Mashaallah, sikukuu imefika." Kana kwamba ilikuja yenyewe kwa miguu. Majirani zetu Wakristo kule Morogoro walifanya hivyo hivyo kila Krismasi, na jambo nililolishuhudia katika nyumba zao lilikuwa lile lile la kwetu: mama wa nyumba ndiye aliyekula wa mwisho, naye alikula akiwa amesimama.

Naomba hapa nieleweke. Siandiki malalamiko, wala sisemi furaha haikuwamo. Furaha ilikuwamo, tena tele. Kuna raha ya pekee katika kumwona mtoto akikunjua nguo uliyoikunja gizani asiijue. Ninachosema ni kwamba furaha ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alihitaji kujulikana.

Washairi wetu walilijua hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utenzi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Wasomi wameubishania sana utenzi ule, hasa mafunzo yake kuhusu mke na mume, na mjadala huo ni halali. Mimi huusoma pia kama mwalimu anayetazama zana. Ni mama anayejua kwamba safari yake ya mwisho i karibu, naye anafungasha. Anamtilia mwanawe dini, adabu, usafi wa nyumba, namna ya kukaa na watu, kila kitu mahali pake. Na alikifunga kwa nini? Kwa vina na mizani, kamba isiyooza. Zaidi ya miaka 160 imepita na mzigo ule haujafunguka ovyo. Karibu na kwetu, Shaaban Robert wa Tanga naye alimtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, baba akijaribu kufunga mzigo ambao kwa desturi hufungwa na mama.

Lakini mama wengi hawakutunga tenzi. Mama yangu hakutunga. Je, kazi ya mama wa namna hiyo iliandikwa wapi? Jibu nililipata mwaka 2012, siku tulipokaa kujibu barua ya posa ya kifungua mimba wangu.

Wasomaji wa pwani wanaifahamu shughuli hiyo. Mshenga ameleta barua, wazee wa upande wa bibi arusi wanakaa, na majibu yanaandikwa pamoja na orodha ya ada. Siku ile vijana wetu, watoto wa ndugu zangu, waliifanya kazi hiyo kwa kompyuta, kwa nia njema kabisa na kwa haraka. Walikuwa wamepanga kila kitu katika jedwali. Mahari ya bibi arusi, kiasi fulani. Kilemba cha baba, kiasi fulani. Ukumbi, mapambo, magari, mpiga picha, keki, kila kimoja na mstari wake. Kisha mstari wa mwisho ukasomwa: "Mengineyo, shilingi 50,000."

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia lakini masikio hayakuwa na ila. Akauliza, "Na mkaja uko wapi? Na ubeleko?"

Yule kijana aliyekuwa akisoma akamjibu kwa heshima, "Bibi, hizo zimo humo kwenye mengineyo."

Mama akacheka, akamwambia kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, huyu hakubebwa kwa mengineyo. Kabebwa kwa mbeleko."

Chumba kikanyamaza. Baadhi ya vijana waliomba kuelezwa, maana walikuwa wakiyasikia maneno hayo kama ada tu, kama ushuru wa forodhani ambao mtu hulipa bila kujua bidhaa. Ikabidi mwalimu ndani yangu asimame. Mkaja ni kitambaa ambacho mwanamke hufungwa tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko, au ubeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kutokana na kitenzi kubeleka, ambacho wengi wetu hatukitumii tena kwa kuwa kubeba kumekimeza. Wahenga walipopanga ada za arusi hawakumwandikia mama wa bibi arusi "zawadi" wala "shukurani". Walimwandikia majina ya vitambaa viwili. Anayekuja kumchukua binti hana budi kutamka, mbele ya mashahidi, kwamba kuna tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba. Kauli ya kutendua imefuta kila kitu, kitanda kimetanduliwa, chakula kimepakuliwa, nguo zimeanuliwa. Ada inarudi miaka 28 nyuma na kuyataja mambo mawili ambayo hayafutiki.

Nami mkaja ule niliujua kwa ngozi yangu. Huyo binti tuliyekuwa tukimjadili alizaliwa mwaka 1984, Morogoro. Habari ilipofika Pangani mama yangu alifunga safari peke yake. Alishuka stendi na furushi moja kichwani, na alipolifungua nyumbani kwangu lilikuwa na pilipili manga ya uji wa mzazi, vijiti vya udi, mafuta ya nazi, na kipande kirefu cha marekani kilichofuliwa mara nyingi hadi kikawa laini kama jani la mgomba changa. Ndicho alichofungiwa yeye nilipozaliwa mimi. Alinifunga nacho kila asubuhi na kunifungua kila jioni mpaka arobaini ilipotimu. Hatukuzungumza mengi. Alikuwa akivuta kitambaa, akiuliza, "Kinabana?" nami nikijibu, "Kiasi." Siku ya 41 alikikunja, akanikabidhi, akasema nikiweke chini ya sanduku, mahali pa vitu ambavyo havitumiki kila siku lakini huulizwa siku moja.

Kwa hiyo alipouliza mbele ya wazee, "Na mkaja uko wapi?", wengine walisikia bibi anadai fedha. Mimi nilisikia mwanamke akiuliza habari za kitambaa chake.

Orodha ikachapishwa upya. Mengineyo yakaondolewa. Mkaja ukapewa mstari wake: doti mbili za khanga na shilingi 20,000. Ubeleko ukapewa wake, kiasi hicho hicho. Jumla ya orodha ikapungua kwa shilingi 10,000, na vijana wakashangaa kwamba bibi aliyeleta ubishi wote ule ametoka na fedha pungufu. Mshenga alipoletewa majibu aliyasoma kwa sauti, akafika kwenye mistari hiyo miwili akatua, akasema zimepita arusi nyingi hajayaona maneno hayo yameandikwa kamili. Siku ya arusi mama wa bwana arusi, mwanamke wa makamo kutoka bara ambaye kwao ada hizo huitwa kwa majina mengine, alinivisha khanga zile mabegani kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia, "Dada, sasa nimejua nalipia nini." Tangu siku hiyo tumekuwa ndugu.

Nikiwa mwanafunzi wa lugha, lazima nitahadharishe jambo moja. Arusi ina mitego ya nahau za uongo. Watu husikia fungate, zile siku saba za maharusi, wakadhani nalo ni mtoto wa kufunga, eti kwa kuwa maharusi hufungiwa ndani. Sivyo. Fungate ni neno la kale la saba. Hata leo Wagiriama, jirani zetu wa pwani ya Kenya, wakihesabu husema mfungahe wakimaanisha saba. Nalitaja kwa sababu mpenzi wa maneno asipoangalia atayalazimisha yote yaimbe wimbo wake. Mkaja na ubeleko hayana haja ya kulazimishwa. Yanasema wazi.

Vilevile sipendi ada ziwe biashara. Nimeona nyumba ambazo mkaja umepandishwa hadi bwana arusi akakopa, na hapo neno limegeuzwa bei. Kwangu mimi mkaja unafanana na stakabadhi. Stakabadhi haihitaji kuwa na tarakimu kubwa. Inahitaji kuwa na jina la kitu kilichopokelewa. Ndiyo maana neno mengineyo lilimuuma mama yangu. Ni neno zuri la kufungia orodha za vitu visivyo na uzito, na mtu aliyezoea kuwekwa humo huanza kujihesabu hivyo mwenyewe.

Mama yangu alifariki miaka mitatu baada ya arusi ile. Binti yangu sasa ana watoto wawili na anafanya kazi Dar es Salaam. Likizo inapokaribia hufunga mizigo kwa orodha iliyo katika simu yake: chanjo, madaftari, chaja, dawa ya pumu ya mdogo, viatu vya sikukuu. Hana tenga, hana sanduku la bati. Ana mabegi yenye magurudumu. Lakini nimeona kwamba vya wenyeji bado anaviweka chini, na vya njiani bado anaviweka juu, na hakuna aliyemfundisha kwa andalio la somo. Jambo lililonifurahisha zaidi ni la mumewe. Siku moja nikiwa kwao alisimama mlangoni na funguo za gari, akafungua kinywa kuuliza lile swali la waume wote, kisha akabadili: "Kimebaki nini nikufungie?" Binti yangu akamkabidhi kapu na kamba.

Kwa kuwa uga huu ni wa ushairi, naomba kufunga kwa beti tatu nilizozitunga, za tarbia, mizani 16 kila mshororo. Wakosoaji wa vina wasinionee huruma.

Mama mizigo afunga, ya watoto na nyumbani,
Sukari, mchele, unga, sindano, uzi, sabuni,
Na fundo dogo la khanga, la nauli ya njiani,
Afungaye afungua, kazi yake ina jina.

Sikukuu ikifika, moto anauchochea,
Pilau ataipika, wageni kawangojea,
Wote wakisharidhika, ndipo chake hupokea,
Afungaye afungua, kazi yake ina jina.

Msisahau mkaja, na nguo ya ubeleko,
Ni hesabu ya pamoja, mgongo, tumbo, na jiko,
Mengineyo si faraja, kwa aliyeshika mwiko,
Afungaye afungua, kazi yake ina jina.

Ndugu wasomaji, mlioko Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba, Mtwara, Kigoma na hata ng'ambo, kwenu ada ya mama wa bibi arusi huitwaje, na jina hilo lilikuwa jina la kitu gani? Waulizeni bibi zenu wangali hai, kisha mtuandikie majina hayo kamili, kila moja na mstari wake.